Ramani ya mto Karanga na njia zake: shiti la zamani, data za setelaiti, simu au droni?

Hili swali naulizwa sana hapa Moshi, na vijana wanaotembeza wageni na watu wa jumuiya za watumia maji pia, kwamba ukitaka kuchora ramani ya mto wa mlimani, mto mzima na vijito vyake na njia za miguu, unaanzia wapi. Ununue lile shiti la serikali la zamani, yaani ramani ya karatasi, ushushe data za setelaiti ucheze nazo kwenye kompyuta, utembee tu na simu, au ukodi mtu wa droni. Mi nimezijaribu zote nne kwenye mto mmoja, Karanga, kiangazi cha kwanza, cha pili na cha tatu, na sitakuambia "inategemea" alafu nikakuacha hapo. Kuna ya kuanza nayo, na kuna ambayo uiache kabisa mpaka uwe na sababu ya kueleweka.

Kwanza mto wenyewe, maana ukishauelewa mto nusu ya jibu umepata. Karanga inaanzia juu kule chini ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Waliopanda kwa Machame au Lemosho wanaijua, ni lile bonde unashuka ukiwa umechoka alafu unapanda tena ndo unafika kambini karibu mita 4,000, na pale ndo maji ya mwisho, wagumu, yaani wapagazi, wanachota bondeni wanabeba mpaka kambi ya Barafu kwa sababu pale hamna maji. Kutoka hapo mto unaingia msituni, ukitoka msituni unapita kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa ya Wachaga, Kibosho magharibi yake na Uru mashariki, unakatiza barabara ya Arusha pale darajani, unashuka tambarare kuungana na wenzake hadi Kikuletwa na bwawa la Nyumba ya Mungu, chini ya mita 700. Huo umbali wote ukiupima kwa rula ni mfupi kuliko Moshi kwenda Arusha. Sasa mto unaopita mawe matupu, msitu mnene, migomba, mji na mashamba ya tambarare kwenye umbali mdogo hivyo, hakuna kifaa kimoja kitakachouona vizuri kote, kila kimoja kinapofuka mahali pake.

Tuanze na shiti. Nazungumzia zile ramani za topo za skeli ya 1:50,000 za Idara ya Upimaji na Ramani ya wizara ya ardhi, zile ambazo sentimita 2 ni kilomita 1. Nyingi zilichorwa kutokana na picha za ndege, enzi za mkoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru, na shirika la upimaji la Waingereza, DOS, ndo lilifanya sehemu kubwa. Watu wanazidharau kwa sababu ni za kale. Mi naziheshimu mno, na sababu ni hii: kila kijito kwenye lile shiti kilichorwa na binadamu aliyekaa na picha mbili za ndege chini ya kifaa cha kumwonyesha ardhi kwa kina chake, akaufuata mto kwa jicho, akajua hapa ni korongo, hapa ni mgongo, hapa maji yanapotea kiangazi. Na majina yapo. Jina la kijito, la kilima, la kitongoji, vitu ambavyo setelaiti haiwezi kukupa hata ikupige picha mara elfu. Mi nimekuta kwenye shiti jina la kijito ambalo vijana wa kitongoji hicho hicho hawalijui, nikamuuliza bibi mmoja akasema ndiyo, ndivyo kilivyoitwa, umelitoa wapi wewe?

Ubaya wake upo na ni mkubwa. Barabara zimebadilika, makazi yamepanda, na juu kabisa barafu iliyochorwa sio ya leo. Ramani ya kwanza ya kisayansi ya kilele aliitengeneza Mjerumani Fritz Klute kwa picha alizopiga 1912, na ukilinganisha na hiyo, barafu ya Kibo ilikuwa zaidi ya kilomita za mraba 11, ilipofika 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Kwahiyo ukiona sehemu ya barafu kwenye shiti la zamani usiifanye ndo chanzo cha kijito chako, nenda ukaangalie. Na angalia pembeni ya shiti kama kontua, ile mistari ya kimo, ni futi au mita, nimeona mtu anasoma 6,000 akidhani ni mita, mita 6,000 Kilimanjaro haina, hiyo ni futi na ni kama mita 1,829, yaani ukingo wa msitu tu.

Lakini kinachoumiza watu wengi ni kile kisichoonekana, na mimi kiliniumiza kabla ya mtu yeyote kunieleza. Shiti za zamani zimepimwa kwa mfumo wa kutaja mahali unaoitwa Arc 1960. Simu yako inatumia WGS84. Namba zinafanana sura, zote zinaandikwa kwa gridi ya UTM, ile miraba ya mita, kanda ya 37 kusini, lakini sehemu ile ile ya ardhi ina namba tofauti kwenye hii mifumo miwili, tofauti ya karibu mita 300 kaskazini-kusini na kama mita 90 mashariki-magharibi. Ukichukua namba za simu ukazipiga moja kwa moja kwenye gridi ya shiti, nukta yako inaangukia kusini na kidogo mashariki ya pale ulipokuwa umesimama. Kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro mito inashuka kuelekea kusini, si ndiyo? Maana yake kosa linakuteleza kwa kuufuata mto, nukta inabaki bondeni kama kawaida, inaonekana sawa kabisa, ila iko mita 20 mpaka 40 chini ya kimo chake halisi. Ndo maana wengi hawagundui. Mi niligundua kwa zile mita 90 za pembeni. Tulipima banio la mfongo, yaani pale maji yanapochepushwa mtoni kuingia kwenye mfereji wa asili, lililo upande wa Kibosho, tukalipiga kwenye shiti, likatokea ng'ambo ya pili, upande wa Uru. Nikaipeleka ramani kwenye kikao cha maji. Jamani, mzee mmoja alisimama akasema kwahiyo banio letu mmewapa watu wa Uru, na hakuwa anatania, kikao kizima kikageuka kuwa cha mpaka badala ya maji. Niliomba radhi, nikarudi nyumbani nikakesha mpaka nikajua kosa liko wapi. Kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, unatakiwa uonyeshe kwamba ramani iliyoskaniwa ni EPSG 21037, namba ya Arc 1960, na nukta za simu ni EPSG 32737, namba ya WGS84, programu inapatanisha yenyewe. Ni kazi ya dakika mbili na ingeniokolea aibu yote ile.

Sasa njoo kwa data za setelaiti. Kuna mbili ambazo mtu wa kawaida anazipata bure. SRTM, iliyopimwa kwa rada ya chombo cha anga Endeavour kwa siku 11 mwezi Februari 2000, na Copernicus ya mita 30 iliyotokana na setelaiti za Kijerumani zilizopima miaka ya 2011 hadi 2015. Kwa mtu anayeanza leo nasema chukua Copernicus, ni ya karibuni na makorongo yanaonekana vizuri kidogo, SRTM weka akiba ya kulinganisha. Kwa bahati nzuri Karanga yote kuanzia Kibo mpaka Nyumba ya Mungu inaingia kwenye kipande kimoja cha digrii moja, S04E037, ukikifungua cha SRTM ni kama MB 25 tu, bando la siku linatosha na chenji inabaki. Watu wa Arusha wenye mito ya Meru kama Themi kipande chao ni S04E036.

Uzuri wake ni kwamba unapata mpaka wa bonde zima mchana mmoja. Unayaziba mashimo ya uongo yaliyo kwenye ile data, unaiuliza kila pikseli, ule mraba mdogo wa data, maji yake yanaenda wapi, unahesabu pikseli ngapi zinamwaga kwenye pikseli gani, unaweka nukta pale unapotaka kupima, mfano darajani barabara ya Arusha, na programu inakupa kidakio chote, yaani eneo linalomwaga maji yake hapo, eneo lake, mteremko wake, kontua za kila mita 20 ukitaka. Kazi ambayo kwa karatasi na penseli ilikuwa wiki. Nukta yako ikae juu kabisa ya mstari wa mto uliochorwa na kompyuta, ukikosea hata pikseli moja pembeni unapewa kidakio cha ukubwa wa kiwanja cha mpira na utadhani programu imeharibika.

Ila msituni inadanganya, na inabidi ujue inadanganyaje. Ile rada haikuona ardhi chini ya miti, iliona zaidi juu ya miti. Kwenye ukingo wa msitu unakuta kama ngazi, ardhi inaruka ghafla, hamna kilima pale, ni miti tu. Na kwenye makorongo ni mbaya zaidi kwa sababu miti mirefu inakaa humo ndani, penye unyevu na bila upepo. Mti wa asili mrefu kuliko yote uliowahi kupimwa Afrika, Entandrophragma excelsum wa mita 81.5, uko kwenye makorongo ya huku huku Kilimanjaro. Fikiria korongo la upana wa mita 25 limejaa miti, setelaiti yenye pikseli ya mita 30 italionaje? Inaona kapeti la majani, mto unachorwa unavyojipendea. Nimetembea sehemu ambayo mstari wa kompyuta ulikuwa mita 50 na zaidi kutoka kwenye maji. Kwa mpandaji sio tatizo kubwa, lakini kama kazi yako ni kuweka alama za ile mita 60 ya kulinda mto ambayo sheria ya mazingira ya 2004 inaitaka, mstari uliokosea mita 50 unaweza kumng'olea mtu migomba yake bila haki na kumwachia jirani yake anayelima mpaka kwenye maji. Hiyo kazi usiifanye kwa data ya setelaiti peke yake, tafadhali sana.

Na tambarare nayo, ukishapita mji kuelekea Arusha Chini, ardhi iko bapa, kompyuta inachora mto ulionyooka kama rula katikati ya mashamba. Huko tumia picha za setelaiti za kawaida au shiti, mto unauona kwa macho.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho hakiko kwenye shiti wala kwenye data, na kwangu mimi ndo moyo wa hii mada yote. Mifongo.

Mtu wa nje akisikia bonde la mto anafikiri mvua ikinyesha upande huu wa mgongo inaenda mto huu, ikinyesha upande ule inaenda mto ule. Kompyuta nayo inafikiri hivyo hivyo, ndo hesabu yake. Uchagani sivyo maji yanavyokwenda. Mababu walichimba mifongo, wanachukua maji juu kwenye banio karibu na msitu, wanayatembeza kwa mteremko mdogo sana ubavuni mwa bonde, polepole, mpaka mfongo unatokea juu ya mgongo, na ukishakuwa juu ya mgongo unaweza kumwaga upande wowote. Kwahiyo maji yaliyotoka mto mmoja yananywesha migomba iliyo kwenye bonde la mto mwingine, na yanayobaki yanaingia huko, hayarudi nyumbani. Mpaka wa kidakio uliochorwa na kompyuta unakatwa na mfongo wenye upana wa hatua moja, na hakuna setelaiti ya bure itakayouona chini ya migomba na kahawa.

Kwenye ramani yangu ya kwanza nilikuwa nimepaka rangi nzuri kabisa, kidakio cha Karanga bluu, cha jirani kijani, nikajivunia. Nikamwonyesha mzee anayesimamia zamu za mfongo kwao. Nikamwambia, shikamoo meku, naomba uniangalizie hii. Akaniitikia marahaba, akaiangalia muda mrefu, akauliza, hapa ni wapi? Nikamwambia ni kihamba chako, maji yake yanaenda huku. Akasema, mwanangu, mi nakaa hapa tangu kuzaliwa, maji ya kihamba changu hayajawahi kwenda huko. Akaniambia nivae viatu. Tukatembea na mfongo tangu kwake mpaka kwenye banio, masaa karibu manne na yeye yuko mbele yangu, akawa ananionyesha hapa zamani ulipita, hapa ukabomoka mvua kubwa, hapa wa chini wanapata Jumanne na Ijumaa. Simu ilikuwa mfukoni inarekodi. Huo mstari mmoja wa siku ile ulibadilisha ramani yangu kuliko data zote nilizokuwa nimeshusha, na mpaka leo kila mfongo ninaouweka nimetembea na mtu wa mfongo huo, sijawahi kuchora hata mmoja kwa kukisia. Wazee hawa wanaondoka, na wengi wetu watoto wao tuko mjini. Kwahiyo hata kama hutachora kitu kingine chochote, hicho kichore.

Na hii inanipeleka kwenye simu, ambayo kwa kusema kweli ndo nimeitumia kuliko vyote.

Programu mbili nazozitumia ni OsmAnd na Organic Maps, zote zinatumia ramani huria ya OpenStreetMap na zote zinafanya kazi bila mtandao, unashusha Tanzania ukiwa na waifai unasahau. Organic Maps ni nyepesi, haraka, mtu asiyejua chochote anaielewa siku hiyo hiyo. OsmAnd ina mambo mengi mpaka inachosha mwanzoni, lakini kurekodi njia, kuweka nukta zenye maelezo na picha, kuonyesha kontua na kivuli cha milima, iko mbele. Kama ni kutembea tu chukua ya kwanza, kama ni kuchora ramani vumilia OsmAnd. Njia kubwa za mlima, Machame, Marangu, Umbwe, Mweka, ile ya kuzunguka kusini inayopita Barranco na Karanga hadi Barafu, zipo na ziko vizuri kwa sababu watu wengi wamezirekodi. Njia za vijijini ndo bado, unakuta kitongoji kina njia ishirini na kwenye ramani ziko tatu.

Simu uwanja wazi inakosea kama mita 5. Ukiingia korongoni au chini ya miti mizito inarukaruka, unakuta umerekodiwa unapanda ukuta wa korongo alafu unashuka ukiwa umekaa unakula muhogo. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kutembea njia hiyo hiyo kwenda na kurudi, na kama unaweza siku nyingine tena, alafu unachora mstari katikati ya mistari yako. Kwenye njia panda na kwenye banio simama dakika mbili tatu usiguse kitu, acha nukta itulie. Kimo cha simu usikiamini sana, kwanza kosa la kimo ni kubwa kuliko la mahali, pili baadhi ya simu zinatoa kimo cha hesabu ya setelaiti badala ya usawa wa bahari, na huku kwetu tofauti ya hivyo viwili ni kama mita 17, simu inakuambia uko chini kuliko ulivyo. Kimo soma kwenye kontua. Chaji nayo, ukipita mita 4,000 baridi inaua betri, simu ikae ndani ya jaketi karibu na mwili, pawa benki pia.

Kitu kimoja nasisitiza kwa moyo wote. Sio kila njia unayoirekodi ni ya kuipandisha kwenye ramani ya dunia nzima. Tangu 2005 msitu wa asili wa mlima uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na humo kuna vijia vya wakata mbao na wategaji. Ukivipandisha umewapa wengine ramani ya kuiba, na mgeni mjinga atavifuata apotee. Kuingia hifadhini kwenyewe ni kwa kibali. Ukivikuta, peleka kwa askari wa hifadhi, kwenye ramani acha. Kwenye ule ukanda wa nusu maili, ambao tangu 1941 uliwekwa kwa ajili ya wananchi kupata kuni na majani, njia za akina mama wanaofuata majani waulize wenyewe kwanza kabla hujachora.

Droni nitaipitia haraka. Inatoa picha nzuri hakuna ubishi, kwa kipande kifupi, banio lililobomoka, sehemu iliyoporomoka, daraja la miguu, unapata ramani ya sentimita. Lakini inahitaji usajili na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, ndani ya hifadhi ni kibali kingine tena, ukungu wa mchana kule juu unakufungia kazi, na msituni inaona majani kama setelaiti tu. Tuliwahi kumlipa jamaa arushe juu ya msitu kwa ajili ya mto, tukapata picha safi kabisa za majani, mto hatujauona mpaka leo. Kwa bonde zima sahau.

Kwahiyo ukiniuliza mimi. Kijana unayetembeza wageni Uru, Kibosho, Materuni na kwingineko, hupandi hifadhini, unataka ramani ya njia: simu inakutosha, OsmAnd na kontua zake, rekodi njia zako misimu yote miwili maana kuna njia ya kiangazi na kuna inayopitika masika, na hizo sio moja. Shiti sio lazima ila likikupitia usiliache, majina yatakusaidia kusimulia.

Jumuiya ya watumia maji, shiti kwanza. Nunua, skani vizuri bila mikunjo, weka Arc 1960 yake sawasawa, chora vijito vyote kwa kufuata shiti, alafu ndo ushushe Copernicus upate mpaka wa kidakio na mteremko, na pale mistari miwili inapogombana msituni mimi naamini shiti, pale inapogombana kwenye makazi nenda kwa miguu. Baada ya hapo mifongo, na wazee, hata kama itachukua kiangazi kizima. Na mkishapata, ofisi ya Bonde la Pangani iko hapa hapa Moshi, wapelekeeni wakaione, wao ndo wenye vibali vya maji na mnataka mabanio yenu yajulikane yalipo.

Mwanafunzi mwenye mradi wa wiki sita anza na Copernicus na QGIS kwa sababu muda huna, ila tenga angalau siku tatu za kutembea na uandike wapi kompyuta ilikosea, hiyo sehemu ndo itasomeka. Mwenye hela ya kitu kimoja tu na hana kompyuta, usihangaike, nunua shiti, sio lazima hata ujue gridi, likunjue mezani mbele ya wazee wawili wa pande mbili za mto na penseli, uone.

Ya kwetu sasa hivi iko toleo la nne. Tuliichapisha kubwa tukaipiga laminesheni, moja iko ofisi ya kijiji upande wa Kibosho na moja upande wa Uru, na tumeacha kalamu ya maka pembeni imefungwa kwa kamba. Mwezi uliopita nimekuta mtu ameongeza mfongo ambao sikuwa naujua kabisa, mstari mwekundu unakatiza mgongo, na pembeni ameandika jina lake kwa Kichaga. Jumamosi naenda kuutembea.